Mgeni Aliyesimama Mlangoni Zamu Mbili

Bungoma, 3 Juni 2025

Assalaam aleikum, Sumeya mwanangu.

Natumaini kifua hakikusumbui na hiyo baridi ya Kitale. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti langu, na mamako Sharifo ambaye anasema simu itanitoa macho.

Mchezo wa simu mnaoutengeneza kazini kwenu nimeucheza hapa nikiwa kwenye cherehani, kama ulivyoniomba niujaribu kabla haujatoka, na nimekasirika. Nilijenga mji, nikauita Kamukuywa. Nikalima, nikafuga ng'ombe tisa. Zamu yangu ya kumi na tano ya kucheza, mtu mmoja akatoka kwenye ule ukungu unaofunika nchi nisiyoifikia, hana bendera, hana jina, akasimama mlangoni pangu zamu mbili. Askari wangu alikuwa karibu. Sikumgusa, maana mtu akisimama mlangoni ni mgeni. Nilitafuta mahali pa kubonyeza nimsalimu, nikakosa. Akaondoka. Zamu tatu baadaye wakaja sita, wakachoma shamba na kuchukua ng'ombe wote.

Mimi niliwakosea nini? Naomba jibu.

Babako,
Daud

Kitale, 4 Juni 2025

Waaleikum salaam, Baba.

Kifua kimepona. Pole kwa goti, na mwambie Mama kwamba macho yako nitayajibia mimi.

Pole kwa ng'ombe pia, lakini kosa ni lako. Yule hakuwa mgeni, ni mpelelezi wa majambazi. Kambi zao huota zenyewe mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kila kambi hutoa mpelelezi mmoja, na akiuona mji wako anarudi kusema, ndipo wanakuja. Dawa ni kumuua kabla hajafika kwao. Halafu unavunja kambi, unapewa dhahabu. Hawana jina kwa sababu hawadumu, na hawasalimiwi kwa sababu hawana la kujibu. Wapo tu ili mchezaji asilale.

Sehemu hiyo niliiandika mimi, miezi minne, na Kibe, bosi wetu, anasema ndiyo nzuri kuliko zote. Ungeanza na pongezi.

Mwanao,
Sumeya

Bungoma, 4 Juni 2025

Sumeya,

Salamu ni zile za jana.

Kumbe ni wewe. Nilidhani ni huyo Kibe.

Babu yako Abdihakim alifika mtaa huu wa msikiti na cherehani moja, wakamwita mtu wa kutoka porini. Mimi nilizaliwa hapa, na bado mwaka ule serikali ilipotupanga foleni kukagua vitambulisho vyetu, nilisimama siku mbili nithibitishe kwamba mimi ni wa Bungoma. Aliyeshika kalamu hakuniuliza jina. Aliuliza nimetokea wapi. Sasa mwanangu mwenyewe amekaa miezi minne anaandika watu wanaoota porini, wasio na jina, na anayewaua anapewa dhahabu.

Waibe, sawa. Wezi wapo. Lakini hata mwizi husalimiwa kabla ya kuulizwa. Mchezo ukitoka hivyo usiniletee, na usiseme hapa mtaani kwamba ni kazi yako. Nitaona haya.

Daud

Kitale, 24 Juni 2025

Assalaam aleikum, Baba.

Goti linaendeleaje? Karibu wiki tatu sijaandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Kwanza nilikukasirikia wewe, baadaye nikajikasirikia mwenyewe.

Nilimwambia Kibe kila kambi iwe na jina, na mkubwa wao, na mahali pa kusalimia. Akasema, "Ati salamu? Nani anataka kupiga stori na majambazi, bana?" Akasema mchezo unatoka Ijumaa, na nikiigusa sehemu ile nitafute kazi kwingine. Nikamwambia basi amalizie mwenyewe. Hawezi, hajui nilivyoiandika. Tulibishana siku mbili, akanipa kambi moja kati ya kumi na mbili. Iko kaskazini, chini ya mlima. Wizi sikuuondoa.

Najua ni moja tu. Kama bado unaona haya, niambie. Nitaacha kazi nirudi nyumbani.

Mwanao,
Sumeya

Bungoma, 28 Juni 2025

Waaleikum salaam, mwanangu.

Goti ni lile lile. Mamako anakusalimu na anasema uvae sweta.

Kambi nimeipata zamu ya arobaini, nikasoma jina la mkubwa wao: Abdihakim. Niliweka simu chini, nikashona suruali nzima kabla ya kuishika tena. Nikamsalimu, akajibu. Nikampelekea gunia la chumvi, akapokea. Zamu nne baadaye akaniibia ng'ombe wawili. Babu yako hakuwahi kuiba hata sindano, Sumeya, na hilo sitakusamehe upesi.

Kazi usiache. Zimebaki kambi kumi na moja, na ni nani mwingine atakayebishana na huyo Kibe?

Leo asubuhi jeshi langu limefika nje ya kambi yake. Simu inaniuliza kama nishambulie. Nimelikalisha kwenye nyasi. Kwanza namuuliza habari za nyumbani.

Babako,
Daud