Kioo Kinachotazama Mawingu

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Bila mimi, magari ya Karagwe yote yangekuwa mabanda ya kuku. Hilo liandikwe kwanza.

Nimeosha mshono wa ngiri kwa maji ya chumvi kama kila asubuhi. Unapona. Daktari hajawahi kukuta tumbo gumu kama langu, kisu kilipinda. Namshukuru Mungu. Namshukuru na Deo, mwana wa dada yangu, aliyenitoa hospitali wiki iliyopita kwa gari la tajiri wake. Nilikaa mbele kama mkuu wa mkoa. Dada alinipa senene wa kukaanga, wale panzi wa msimu walionyofolewa mabawa, kwenye jani la mgomba, nimkabidhi tajiri kwa shukrani. Shughuli hiyo niliimaliza mwenyewe.

Leo Deo kaja na uso wa msiba. Kioo cha pembeni cha kushoto, kile cha kuchezeshwa kwa swichi, kimegoma. Kinatazama mawingu. Ukikisukuma kwa kidole kinatii, ukipita shimo moja kinarudi juu. Jana pale Ihanda hakuiona baiskeli ya ndizi, akaigusa. Mwenye baiskeli akatua kwenye mibuni. Mzima, ila kautukana ukoo wetu wote. Tajiri kasema kioo kisipocheza hadi Jumamosi, Deo aache funguo mezani. Mkewe ana mimba ya miezi minane.

Nimemwambia, "Mpwa wangu, umefika." Mwaka wa vita niliwasha lori la jeshi kwa waya wa kuanikia nguo. Wanajeshi walipiga magoti.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Nilisema ni fyuzi. Nimeichomoa, nzima. Nimeweka nyingine mpya, kioo kimya. Mke wangu, ambaye hata betri za redio huziweka kichwa chini, akapaza sauti kutoka jikoni: "Si kile cha kulia kinacheza? Havili fyuzi moja?"

Vinakula moja. Nilijua. Nilikuwa nampima Deo.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku mbaya. Nimevua mlango wa kushoto nguo yake, vibanio vikavunjika. Nikavuta waya kutoka betri moja kwa moja hadi mota ya kioo. Jiii! Kioo kikainama. Mota nzima! Nilishangilia hadi mshono ukavuta. Nikapima waya kwa balbu ya tochi, hasa pale zinapojikunja mlango ukifunguka, ndipo hukatikia. Balbu ikawaka. Waya nzima.

Katika kurudisha, waya mmoja ukagusa bodi. Cheche. Redio ikafa, taa za ndani zikafa.

Deo akakaa kwenye kizingiti. Niliogopa. Kijana alinibeba mgongoni kutoka wodini, na mimi namlia kazi yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Ile fyuzi mpya ya Jumanne imefufua redio na taa. Asante Bwana.

Nikafikiri vizuri. Fyuzi nzima, mota nzima, waya nzima. Imebaki swichi, mlangoni kwa dereva. Nikaichokonoa kwa bisibisi ndogo. Ndani, upande wa kushoto, mafuta yameganda, kutu ya kijani, na katikati ya shaba mbili zinazopaswa kugusana, nusu ya senene.

Nikanyamaza. Si kawaida yangu.

Nimesafisha kwa petroli, nikasugua kwa kifutio. Kioo kikaenda juu, chini, ndani, nje. Deo alinikumbatia akasahau mshono. Nikamweleza kwamba msimu huu senene wanafuata taa, wanaingia hata masikioni mwa watu. Akamtazama kiganjani mwangu.

"Mjomba, wa mwaka huu wanaruka bila mabawa?"

Akacheka, akamtupia kuku. Hakuuliza lingine. Mtoto ana adabu.

Jumamosi, 23 Novemba

Tajiri mwenyewe kaja. Kakijaribu kioo, kakijaribu tena, kapanda. Wameondoka kwenda Kimuli, Deo kwenye usukani. Tajiri kachungulia dirishani: "Mzee, mikono yako ina baraka!"

Nikaificha mfukoni.

Dada kauliza kama tajiri aliwapenda senene. Nimesema sijamsikia akilalamika.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani nimeshukuru. Kwa mshono, kwa kazi ya Deo, kwa mtoto anayekuja. Kijiji chetu cha Kanoni kimetulia, mvua imekatika, mke wangu anamenya ndizi.

Siku ile ya kutoka hospitali, Deo alishuka Ihanda kumsalimia rafiki. Nikahamia kiti cha dereva, watu wa gulioni wanione. Nikafungua jani, nionje mmoja. Kisha nikashika swichi kwa vidole vya mafuta, nikakizungusha kioo cha kushoto huku na huku, nione ni wangapi wananitazama.

Nilimaliza senene wote. Hakuna aliyekuwa akinitazama.