Tulizika Yago, Nawe Uko Migori

Baba,

Sikusalimu. Salamu ni za watu wanaotafutana.

Jana Mama Akinyi, yule jirani yetu muuza dagaa wa omena, alitoka Migori hata kwake hakupita, akaja moja kwa moja kwenye karakana yangu hapa Homa Bay. Nilikuwa nakanda udongo. "Nimemwona baba yako," akasema. "Anaziba pancha karibu na stendi. Tena amenenepa!" Nikamwambia wafu hawanenepi. Akaapa. Eti alikuita jina ukageuka, ukamwambia, "Wasalimie nyumbani, nitakuja Krismasi."

Utakuja! Kama mtu aliyetoka kidogo kununua chumvi!

Migori, Baba. Ungekuwa Dar ningeelewa. Migori ndiko ninakonunua tyubu kuukuu za kazi yangu. Huenda viraka vingine umevibandika wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufinyanga. Tulikaa ufuoni, mimi na vidole vyangu vifupi, nikakutengenezea ng'ombe. Ukamgeuza huku na huku, ukauliza, "Huyu ni ng'ombe ama mbwa wa chifu?" Nikalia. Ukanishika mikono, tukamwekea nundu pamoja. Nilikupenda sana siku hiyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kisha mashua yako ya kuvulia ikakutwa ufuo wa Karungu imepinduka, haina mtu. Wavuvi walikutafuta mpaka wakachoka. Wazee wakasema mwenzao hawezi kukosa kaburi, na mwili usipopatikana desturi inajulikana. Wakakata yago, lile tunda refu zito la porini, wakalivika shati lako la kanisani, wakalilaza kwenye jeneza, tukalizika. Mama alililia tunda, Baba! Alinyolewa nywele kwa ajili ya tunda. Na walipotaka arithiwe na mmoja wa ndugu zako, aliwaonyesha kaburi akasema, "Mume wangu ninaye, yuko pale." Walimtenga kwa neno hilo, na mpaka leo si wote waliomsamehe.

Ndipo mimi nikawa mchonga sanamu. Nilisema baba yangu hatabaki tunda. Nimekujenga mara nyingi: kichwa cha udongo wa ziwa, mbavu za fito, kifua cha mtungi wa plastiki, misuli ya nyavu zilizochakaa, ngozi ya tyubu. Wageni huniuliza kwa nini nachanganya matope na plastiki. Mimi huwajibu kwamba udongo ni wa yule aliyekufa, na plastiki ni ya yule anayekataa kuoza moyoni mwangu. Wao hutikisa vichwa, wakapiga picha. Kumbe nilikuwa nikiomboleza fundi wa pancha!

Sanamu zote hazina mikono. Nimejaribu mti, nimejaribu waya, nimejaribu udongo ukapasuka. Uso wako ninao, hata kovu la begani ninalo. Mikono imekataa kabisa kunirudia.

Baba mdogo anasema aliyekwisha kuzikwa havuki lango la boma hivihivi, eti utaingia wazee wakishalishughulikia lile kaburi. Na Mama, leo asubuhi nilimwona akitoa kikombe chako cha bati, akakiosha, akakifuta kwa leso yake, akakirudisha alikokificha. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Wewe hustahili hata kuosha kikombe hicho.

Basi sikiza. Ya kaburi ni ya wazee, ya kikombe ni ya Mama. Yangu ni haya: usingoje Krismasi. Njoo usimame nje ya lango. Nitakuletea beseni la udongo mbichi, uzamishe mikono yako mpaka viwikoni, na usiniambie neno. Nikishapata alama ya mikono hiyo, iwe kalibu ya mikono ya sanamu, uitoe, unawe, urudi kwenye pancha zako.

Sanamu itakuwa imekamilika, na hiyo haitatoka nyumbani.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
yatima wa baba aliye hai.