Pingamizi la Kiwanja cha Kufulia

Tarehe 3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko kwa mama mdogo, na nyonga yake inaendeleaje tangu uende kumuuguza? Mimi mzima, kifua tu ndicho kinanisumbua. Tangu jana nakupigia simu haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama, kaa chini kabla hujaendelea. Jana baraza la jiji liliketi, na ajenda ya saba ilikuwa kiwanja chenu cha kufulia. Wanataka kubomoa makaro yote waweke maegesho ya magari ya watu wa sokoni. Madiwani kumi na tisa, wote mikono juu. Na aliyekuwa akiandika maamuzi hayo ni mimi. Unajua karani wa baraza haruhusiwi kuchangia neno. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wao. Niliandika huku machozi yananilengalenga.

Bado ipo nafasi moja. Mwenye kibali cha kiwanja anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi, mwisho tarehe 24 saa sita mchana. Likiwepo, wanalazimika kusimamisha kila kitu na kuja kuwasikiliza. Kibali kina jina lako peke yako, kwa hiyo wenzako wakiandika haihesabiki. Tafadhali andika upesi, unitumie mimi, nitalipeleka mwenyewe.

Mwanao

Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumai kifua kimepoa. Kunywa maji ya moto na uache kulala dirisha wazi, nimesema mpaka nimechoka. Mama yako mdogo bado hawezi kugeuka mwenyewe. Namgeuza mimi, na unavyomjua alivyo mzito, mgongo wangu ndio unaolipa. Simu iliniponyoka ikaingia kwenye beseni, basi, ikafa.

Ebo! Maegesho? Magari yaje kulala juu ya makaro yangu? Waambie hivi, na usipunguze hata neno. Nimefua pale miaka ishirini na miwili. Wewe umekulia pale, ndani ya kapu la nguo chafu. Wanawake kumi na saba wanalisha watoto wao kwa makaro yale, na bomba lingine la karibu liko ng'ambo ya reli. Hata vile vitambaa vya kijani vya meza ya baraza tunavifua sisi. Na yule diwani mnene, Bwana Mkanda, mwambie suruali zake nazijua mpaka zilipochanika, asinichezee. Sikubali, sikubali, sikubali!

Nashukuru Mungu nina mtoto humo ndani. Ningekuwa sina, ningebisha hodi kwa nani?

Ni mimi mama yako

Tarehe 18 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na uuguzi. Kifua kimepoa kidogo, dirisha nalifunga.

Barua yako ilifika jana nikaipeleka mbio kwa Katibu wa baraza. Akavaa miwani, akaisoma yote. Alipofika pale pa suruali za Bwana Mkanda alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akanirudishia. "Hii ni barua ya mama kwa mwanawe," akasema. "Haikuandikwa kwangu, haina jina, haina namba ya kibali. Hapa chini inasema mama yako. Mimi nimpokee mama yako kama nani?" Nikamwambia, mzee, si unamjua, shuka zako anafua yeye. Akasema anakujua sana, ila faili halikujui.

Kosa ni langu. Kutwa nzima naandika barua za ofisi, lakini sikukumbuka kukueleza, na wewe umeandika kama tunavyoandikiana siku zote.

Nimekupigia chapa nyingine, imo humu ndani. Weka jina lako kamili na sahihi pale nilipotia alama nyekundu. Lazima iwe sahihi ya mkono wako, mimi siwezi kukutilia. Nampa dereva wa basi barua hii, na wewe mpe yeye huyo huyo anaporudi. Usingoje hata chai, mama.

Mwanao

Tarehe 30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi nipo, Mungu ananishikilia. Dereva alifika tarehe 19 akakuta mlango umefungwa, akamwachia jirani. Siku hiyo hiyo asubuhi mama yako mdogo alizidiwa, tukamkimbiza hospitali. Siku kumi nimekaa kwenye stuli ya mbao kando ya kitanda chake, sijui ya dunia. Jana tumerudi, ndipo jirani akaniletea bahasha.

Nimetia sahihi, tena nimeandika jina langu polepole lisomeke. Naona tarehe imepita. Lakini waeleze tu kwamba kulikuwa na mgonjwa. Na wao ni watu, wana mama zao, watanielewa. Wewe unajua kusema vizuri kuliko mimi.

Bado naumwa miguu. Nina hamu ya kurudi kwenye kazi yangu, we acha tu.

Mama yako

Tarehe 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Mpe pole mama mdogo, namwombea.

Baraza lilikaa tarehe 2. Bahasha yako ilifika tarehe 3. Meya aliuliza kama kuna pingamizi, ukumbi ukawa kimya, nami nikaandika kwa mkono wangu huu: hakuna pingamizi lililopokelewa. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilipompelekea Katibu bahasha yako kesho yake, aliipiga muhuri wa kuchelewa akaiweka kwenye faili.

Jana tingatinga likaja. Wenzako waliwahi kufungua kamba zao za kuanikia. Bibi Buluu, umri wote ule, alikaa ndani ya karo lake akagoma kutoka, mpaka askari wawili wakambeba pamoja na beseni lake. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na kitambulisho cha baraza shingoni. Nikakivua. Naona aibu, mama. Rudi, tutatafuta mahali pengine, nitakuwa nawe kila hatua.

Mwanao

Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, mgonjwa sasa anakaa mwenyewe.

Usijilaumu sana. Nimelia yangu, nimemaliza. Lakini sirudi. Nirudi nikafanye nini, nitazame magari? Kwa umri wangu sianzi kubisha mlango wa mtu mmoja mmoja kuomba nguo. Nitakaa hapa na ndugu yangu. Vyombo vyangu mgawie Bibi Buluu, pasi ya mkaa uichukue wewe.

Kuna jambo moja linanizunguka kichwani, nami sikuulizi kwa ubaya. Ile barua yangu ya kwanza, ambayo Katibu alikurudishia, ilikuwa wapi wakati Meya anauliza?

Mama yako

Tarehe 20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu. Niliingia nayo ukumbini nikijidai kwamba ikibidi nitaitoa. Meya aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza aliwauliza madiwani. Mara ya pili alinigeukia mimi, kwa sababu karani ndiye anayejua kilichopokelewa na kisichopokelewa. Ningeweza kusema ipo barua, haikufuata utaratibu, lakini isikilizeni. Labda wangenifukuza kazi siku ile ile. Labda wangecheka kama Katibu. Sijui, mama, maana sikujaribu.

Nilitikisa kichwa kukataa, nikajibu kwa sauti. Ukumbi haukukaa kimya kama nilivyokuandikia. Mimi ndiye niliyesema hakuna.

Mwanao