Usimpe Owuor Redio ya Zamani

Kwa Mama Achieng, mke wangu wa pekee mpaka sasa,

Pokea salamu kutoka huku kwa baridi. Magoti yako yanasemaje? Yangu yanauliza habari ya yako kila asubuhi nikiinama kukamua. Kuku wamepona ule ugonjwa? Na mlango wa jikoni, bado unalia ukifunguliwa? Usiutie mafuta. Wacha ulie, majirani wajue ni nani ameingia.

Mimi ni mzima, si sana. Mvua ya mawe imepiga majani chai ya Mzee Koech, huyu tajiri wangu, mpaka shamba likawa kama limetafunwa na mbuzi. Tangu siku hiyo hacheki na mtu, na ng'ombe wake nao wamechukua hasira hiyo wakaiweka kwa mguu wangu wa kushoto. Lakini hiyo si habari. Habari ni simu.

Jumapili nilikupigia. Nikasikia sauti ya mwanamume. Nikafikiri nimekosea namba.

"Halo, nani mwenzangu?" ananiuliza. Mimi!

"Wewe ndiye nani?"

"Ah, Baba Achieng! Ni Owuor wa kwaya. Mama yuko jikoni, anatupikia."

Anatupikia. Mama Achieng, hilo neno mpaka leo limekaa kwa koo yangu kama mfupa wa samaki mbuta. Mimi nakunywa uji kwa kikombe cha bati huku mlimani, na mtu ambaye hata sauti yake ya kwaya inapanda kama jogoo mgonjwa anapikiwa kwangu, anajibu simu ya mke wangu, na bila shaka amekalia kiti changu chenye mto.

Ndipo ukaja kwa simu ukanieleza. Kwamba binti yetu Achieng amekutumia hom thieta mpya, mashine ya kutoa sauti ya televisheni. Kwamba Owuor anaiunganisha na ile wufa yetu ya zamani, spika kubwa ya besi, lakini wufa imenyamaza kabisa, kwa hivyo alikuja juzi, akaja jana, na leo tena yuko. Nikasema, wacha nije niione mwenyewe. Ukacheka. "Wewe na redio wapi na wapi?" Halafu ukaongeza, polepole, kama mtu anayeongeza chumvi, ati Owuor amesema ile redio ya zamani haina kazi tena, ataibeba kwake atoe vyuma vya ndani, iwe ndiyo asante yake. Hapo simu ikakatika.

Sasa nisikilize. Usimpe.

Wewe umesahau, mimi sijasahau. Siku tuliyotoa hivyo vitu Kisumu, mimi nilibeba redio, wewe ukaipakata wufa kwa feri kama mtoto. Ukakataa kuiweka chini kwa sababu ya maji. Yule wa tiketi akakuuliza kama inanyonya, ukamjibu, "Inanyonya umeme." Feri yote ikacheka. Na tulipoiwasha nyumbani tulicheza mpaka vikombe vikaanguka kutoka juu ya kabati. Owuor siku hiyo alikuwa wapi? Alikuwa dirishani, anatazama. Miaka yote hii ametazama. Leo ameingia ndani.

Basi siku ya soko nilishuka Chepilat. Kuna mama pale anatengeneza redio, Mama Cherono, mkali kama pilipili. Nikamweleza yote, hata mambo ya jikoni.

"Wufa yenu ina waya wa kuchomeka kwa ukuta?" akauliza.

"Haina. Ina nyaya mbili tu nyembamba, zinaingia nyuma ya redio ya zamani."

"Basi haina nguvu yake. Hii mashine mpya inaipa sauti ya kunong'ona tu, inangoja wufa iwe na umeme wake yenyewe. Yenu ilikuwa inalishwa na ile redio. Rudisha redio katikati. Mpya iambie ya zamani, ya zamani isukume wufa."

"Kwa hivyo redio si takataka?"

"Ukiitupa, hiyo wufa ni stuli."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika chuma ya moto.

"Lakini mzee," akasema, "mbona fundi wenu hajui kitu kidogo hivi?"

"Labda anajua."

Akanitazama. "Kumbe anataka redio?"

"Redio, au samaki. Mke wangu anapika vizuri."

Nikipanda mlima kurudi niliwaza nikunyime hiyo siri, Owuor ahangaike mpaka aone aibu. Halafu nikaona ujinga wangu. Akihangaika leo, atarudi kesho. Akirudi, atakula. Afadhali nikuambie yote.

Kinachohitajika ni waya mmoja. Upande huu una kichwa kimoja, kinaingia tundu la wufa kwa ile mpya. Upande ule una vichwa viwili, chekundu na cheupe, vinaingia nyuma ya ile ya zamani. Waya huo nimenunua kwa Mama Cherono. Nilikuwa nimeukunja ndani ya bahasha hii, nikaibandika. Halafu nikaifungua tena. Sasa uko kwa mfuko wa koti yangu, na hautatoka huko bila mimi.

Nilimwambia Mzee Koech naenda nyumbani.

"Na ng'ombe watakamuliwa na nani?"

"Na wewe."

"Kuna matanga kwenu?"

"Bado," nikamjibu. "Inategemea nitamkuta nani kwa kiti changu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mvua ya mawe. Akanipa ruhusa, na kibuyu cha mursik nikuletee. Usimwonjeshe mtu maziwa hayo.

Barua hii anakuletea Odhiambo, mtoto wa dada yangu, kwa sababu simu yako sitapiga tena mpaka nijue mkono wa nani utaipokea. Mimi nafuata Jumamosi. Mpaka nifike, kaa juu ya hiyo redio kama kuku juu ya mayai. Na kama Owuor ameshaibeba, ifuate. Akikataa kuitoa, chukua kofia yake ya kwaya.

Nisalimie dada yangu Awino muuza omena. Nisalimie mama yako, ambaye hajanipenda hata siku moja, mwambie bado naishi. Nisalimie mzee wa kanisa, na umuulize kwa nini kwaya yake haina mazoezi ya jioni. Yule mwingine usimsalimie.

Pika samaki wa watu wawili. Na utoe vikombe juu ya kabati kabla sijafika.

Ni mimi, mwenye kiti,
Baba Achieng