Maradhi ya Mama Yaliyosemwa Vibaya

Chumbi, Rufiji
9 Juni 2025

Mpendwa dada Hajira,

Assalaam alaykum. Baridi ya Songea mnaionaje, na mimba inakwendaje? Shemeji hajambo? Huku tu wazima, mpunga tumeshauvuna.

Nimeandika kwa sababu haya si ya kwenye simu, na simu yako mara nyingi huipokea shemeji.

Tangu Ramadhani Mama alikuwa akikojoa kwa maumivu, matone matone, na tumbo la chini likimkata. Alinunua vidonge dukani, akipata nafuu anaviacha, na maradhi yanarudi. Akaacha hata darasa la akina mama msikitini, akihofia matone ya mkojo yatamvunjia twahara. Nilijua siku nilipomkuta chooni analia, ameshika ukuta.

Mke wa kaka Shaban, wifi yetu Sikujua, ndiye aliyeniumiza. Alisema kwa majirani, "Mjane na maradhi hayo, kayatoa wapi?" Maneno yakamfikia Mama. Akagoma kwenda hospitali.

"Nikapimwe aibu, na umri huu?"

Nilimbembeleza mpaka tukaenda Kibiti. Daktari, mwanamama mpole, akampima mkojo na damu.

"Mama, haya ni maambukizi ya njia ya mkojo, si ugonjwa wa zinaa," akamwambia. "Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vijidudu havichelewi kufika kwenye kibofu. Hedhi ikishakoma, kinga ya huko hupungua. Nawe una sukari, na dozi hukuwa ukimaliza. Ndiyo maana maradhi yanarudi."

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Kisha akasema, "Mwanangu, hebu rudia, huyu binti yangu asikie vizuri." Nilikuwa nimesikia, dada. Ni yeye aliyetaka kuyasikia tena.

Sasa amemaliza dozi, anahudhuria kliniki ya sukari, na msikitini amerudi.

Nawe jihadhari. Wajawazito nao hupatwa sana, na wasipotibiwa maradhi huweza kupanda mpaka kwenye figo. Mkojo ukichoma, usinunue vidonge. Waambie kliniki wakupime.

Juzi Wifi alikuja kupepeta mchele. Mama akamwambia, bila kugomba, "Mwanangu, nawe yakikupata haya usijifiche kama mimi. Nitakupeleka mwenyewe."

Wifi akaweka ungo chini. Halafu akasema taratibu, "Basi tuondoke Alhamisi, Mama. Mimi yananichoma tangu mwaka jana."

Msalimie shemeji Abdulrazaq, na umbusu mwanao Zawadi. Mama anakuombea dua kila baada ya swala. Mola akujaalie ujifungue kwa wepesi.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu