Kushuka Si Kupona

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko uliko, na za kazi? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Hapa wote hawajambo, ila mimi ninayeandika ndiye nusu nusu.

Najua shangazi amekwisha kukupigia simu kusema nimepona. Si bure tunamwita Redio. Baba Mkubwa, sijapona.

Majibu ya damu yalitoka Ijumaa, yakaonyesha kwamba protini za kinga zimeshuka. Shangazi aliyasoma mlangoni akapiga vigelegele: "Zimeshuka! Si nilisema?" Kwake homa ikishuka mtu amepona, presha ikishuka amepona, basi na hii vivyo hivyo. Hata baba alicheka, naye hakuwa amecheka tangu vidole vyangu vianze kuvimba.

Lakini daktari alinieleza, nami nilimwuliza mpaka nikaelewa. Kinga yangu imekosea adui, inaupiga mwili wangu wenyewe, na katika vita hivyo protini zinatumika kupita kiasi. Debe likipungua maji hatusemi kiu imekwisha. Tunajua yametumika.

Nilipoyasema hayo mezani, shangazi alinikatiza: "Wewe mtoto, vitabu vimekupanda kichwani! Unataka kuumwa kwa nguvu?"

"Sitaki kuumwa, shangazi. Ndiyo maana nameza dawa."

Akavichukua vidonge akaviweka juu ya kabati, eti vinanivimbisha mashavu bure. Baba aliendelea kula. Nilipanda kiti nikavitoa, nikameza mbele yao. Sikumtukana mtu, wala sikulia.

Alhamisi natakiwa kliniki nikapimwe mkojo, ionekane kama figo zimeguswa na vita hivyo. Baba anasema hakuna haja, mtu mzima wa afya anafuata nini hospitali? Wewe ni kaka yake, yeye anakusikiliza. Tafadhali mpigie kabla ya siku hiyo. Shangazi ananipenda, sina shaka, lakini sitaki figo zangu zife huku zinapigiwa vigelegele. Usipompata, nitakwenda peke yangu na sare yangu ya shule.

Nisalimie mama mkubwa, kaka Mrefu na mdogo wake Kibonge. Mungu awafunike kwa rehema zake, na goti lako pia.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayeumwa bado na kubisha bado,

Binti wa mdogo wako.