Gauni Waliloliita Kasubirishwa

Manzese, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua kuuma na mvua za huko Matombo hazijaubomoa tena ukuta wa jikoni. Mimi mwili mzima, ila moyo umenichafuka. Barua hii nimempa mjomba akupe mkononi, kwa sababu simu yako huipokea mdogo wangu Zuhura, na habari yenyewe inamhusu.

Uliniambia anataka kuja kujifunza cherehani dukani kwetu. Subiri kwanza, mama.

Huku nguo haiuziki mpaka ipate jina, na jina hutoka midomoni mwa wateja. Viatu virefu ni mchuchumio, maana mvaaji anachuchumia. Nywele zilizosukwa harakaharaka ni twende kilioni. Mwanzoni nilikuwa nacheka, nasema watu wana vichwa. Sasa sicheki tena.

Unaikumbuka siku ile ya nikahi ya Zuhura kwa mjomba Kihonda, bwana harusi alipokosa kutokea? Zuhura alisimama mlangoni mpaka alasiri na gauni la kijani nililomshonea mimi, mkono mmoja umemporomoka begani, wala hana habari, analia. Kumbe kuna mgeni alikuwa anamrekodi, video akaitupa mtandaoni. Huko kwenu simu ni za tochi, hamkuona. Huku wameona wote.

Mwezi huu akaingia dada mmoja dukani, akanionyesha Zuhura kwenye simu, yule yule wa mlangoni. "Nishonee hili. Kasubirishwa." Wenzake wakaangua kicheko. Hazikupita siku nyingi, kila mtu anataka kasubirishwa. Ipo ya satini, ipo ya kitenge, na aliyeivaa eti "kajisubirisha"! Bosi naye anataka ule mkono uporomoke makusudi, tuupime kwa futi. Mdogo wangu amelia mpaka nguo inamvuka, wao wanauliza ishuke inchi ngapi. Ptuu! Watu hawana haya.

Nikamwambia bosi, "Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja."

Akasema, "Pole, dada Mwajuma. Lakini jina likishaingia sokoni halina mwenyewe. Wewe shona."

Sikushona. Nilichukua mkasi wangu nikatoka, na sasa nashonea barazani kwa jirani, kwa cherehani ya kuazima. Hata hapo wanakuja kuiulizia. Nikisema siijui, wananiambia nimepitwa na wakati.

Nisalimie bibi, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Nisalimie mama mdogo muuza ndizi na wanawe wote, na mke wa kaka, nasikia amejifungua salama.

Kumficha Zuhura hatuwezi. Jina limeshapanda mpaka Morogoro Mjini, mjomba amelisikia kwa masikio yake stendi. Basi ukimaliza kusoma, mwite umwambie wewe uliyemzaa, mkiwa wawili tu. Kisha kama bado anataka cherehani, aje kwangu barazani. Lakini asije akalijulia kwa mteja aliyesimama mbele ya kioo, anamwelekeza mkono uanguke wapi.

Mwanao,
Mwajuma